Swali la Arobaini na Moja

Kolwezi, Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025

Tata Ntambwe,

“Mwongozo wa programu ya Mulinzi umekamilika. Wakala wa akili bandia anaweza kuutumia bila kumuuliza mtu yeyote.”

Maneno hayo yamebandikwa kwenye geti la kiwanda tangu Jumatano. Juu yake kuna alama tisini na nne kwa mia, chini yake kuna sahihi tatu, na sahihi ya pili ni yako. Niliyasoma nikiwa nimesimama juani na kikapu cha mboga ya sombe mkononi, nikayasoma tena, na ninayakataa. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza nikusalimie, maana hasira haijaninyima adabu.

Sisi tuko wazima. Baba yako Kazadi yuko Lubudi na mahindi yake. Mguu unamsumbua lakini anakataa fimbo, anasema fimbo ni ya wazee, na amepita miaka sitini na sita. Binti yangu Honorine atajifungua mwezi wa pili. Mechack, anayekuletea barua hii, amepewa lori jipya la kupeleka shaba Dar es Salaam na anaringa nalo kama bwana arusi. Ninaandika kwenye karatasi kwa sababu maneno ya simu mnayafuta, kisha mnasema hayakusemwa.

Sasa turudi kwenye geti.

Tangu mwezi wa nane, bwawa la mabaki ya madini lililo juu ya mtaa wetu linatunzwa na Mulinzi. Mulinzi anapima maji, na yule wakala mnayemsifu anausoma mwongozo mwenyewe, anasoma vipimo mwenyewe, anafungua na kufunga pampu mwenyewe. Watu sita wa nyumba ya pampu tulirudishwa nyumbani, mimi baada ya miaka ishirini na miwili; wenzangu watano wameshatawanyika migodi ya mbali. Amewekwa mmoja mpya wa kufagia na kutazama: Sadrack, mume wa Honorine. Siku mashine ikikosea, mbele yake atakuwa amesimama mtu mmoja tu. Unajua vizuri nani atashikwa, maana mashine haina mikono ya kufungwa pingu. Hofu yangu yote ni hiyo.

Unaandika kwamba mwongozo umekamilika. Umekamilika ukilinganishwa na nini? Hata katekisimu ina majibu yote, kwa sababu inajiuliza yenyewe. Bwawa lina nguzo tatu za kupimia maji, na nguzo ya pili, ile inayofuatwa na pampu, haisemi kweli. Sisi tulijua inadanganya kwa kiasi gani. Kila zamu iliandika upya kwa chaki, kwenye mlango wa chuma wa nyumba ya pampu, namba ya kusahihisha, na hakuna aliyegusa pampu kabla ya kuusoma mlango. Mwezi wa saba walikuja wageni kumtazama Mulinzi. Ili wageni wafurahi, mlango ulipakwa rangi ya buluu.

Ni kiasi gani? Hilo sitaliandika. Waliniambia hawanihitaji tena. Basi waje waniulize, mbele ya mlango ule ule. Nawe uliyewapa tisini na nne, uwaambie waje. Shuleni kwetu hakuna aliyepata tisini na nne isipokuwa aliyejisahihishia daftari.

Nakuita tata kwa sababu umebeba jina la baba yangu. Usilibebe vibaya.

Shangazi yako,
Bilonda

Dar es Salaam, Jumapili, tarehe 30 Novemba 2025

Tatu Mukaji mpendwa,

Shikamoo shangazi, kama wanavyosema huku. Barua yako imenifikia jana. Mechack alikaa siku tisa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, akanikabidhi bahasha ikinuka dizeli na samaki mkavu. Nimefurahi kusikia habari za Honorine. Mwambie baba kwamba huku hata vijana wanatembea na fimbo, labda atakubali. Mimi ni mzima. Joto ni kali. Chancelle anakusalimu, Jeancy pia, ingawa hamjaonana. Ofisi yetu bado ni sisi watatu tuliotoka Lubumbashi pamoja, na tumepata wateja wengine wawili.

Kuhusu geti, niruhusu nikueleze kazi yetu, maana nadhani unanilaumu kwa kitu ambacho sikuahidi.

Mteja anatuletea programu na mwongozo wake. Tunamchukua wakala, tunampa mwongozo peke yake, tunamfungia vyanzo vingine vyote, kisha tunampa maswali na kazi za kufanya. Je, anaupata ukurasa unaohusika? Je, anaandika amri ya pampu bila kosa? Je, anajua kwamba maji yanapimwa kwa mita na si kwa futi? Programu ikimkatalia amri, je, ujumbe wa kosa unamwambia afanye nini baadaye? Mwongozo mwingi unaandikwa kwa ajili ya mtu mwenye uzoefu, unaruka hatua, na wakala anapotea. Mwongozo wa Mulinzi hauruki hatua. Una mifano mizuri, una kurasa thelathini na mbili tu, na kila amri imeelezwa mahali pamoja. Nilikaa wiki mbili nikitunga maswali arobaini na moja, nami sikuwahurumia walioandika mwongozo. Tisini na nne ni alama ya haki.

Lakini Tatu Mukaji, tulipima kama mwongozo unaeleweka. Kama nguzo imesimama vibaya bwawani, hilo hatukuulizwa wala hatuwezi kuliona tukiwa hapa. Kuna fomu ya kupeleka maoni kwa mteja. Nimemweleza Jeancy kuhusu nguzo ya pili, naye amesema wanaolijua bwawa waandike wenyewe kwenye fomu hiyo. Nimekuwekea anwani nyuma ya karatasi hii. Tafadhali iandike hiyo namba. Mstari mmoja unatosha.

Nakutumia vitenge viwili kwa ajili ya Honorine.

Mwanao,
Ntambwe

Kolwezi, Jumapili, tarehe 14 Desemba 2025

Tata Ntambwe,

Vitenge vimefika, kimoja Honorine amekivaa kanisani leo na wamama wa kwaya wamemuuliza mara nne kimetoka wapi. Asante. Baba yako amesema vijana wa Dar wanaotembea na fimbo wameharibika. Mvua imeanza kwa nguvu. Tangu Alhamisi hatujaona jua, na kisima cha jirani kimejaa hadi ukingoni.

Umenielezea kazi yako vizuri. Ulikuwa mwanafunzi mzuri na bado ni mwanafunzi mzuri. Ndiyo maana nimekusoma kama mwalimu.

Ripoti iliyo getini inasema: “Tulitumia maswali arobaini.” Wewe unaniandikia kwamba ulitunga arobaini na moja. Nimekwenda tena hadi geti, katika matope, kuhakikisha. Arobaini. Moja limekwenda wapi? Swali haliugui likafa. Kuna mtu amelitoa, na ninataka kujua lilikuwa linasema nini.

Pili. Unasema mlipima kama mwongozo unaeleweka, si kama unasema kweli. Basi kwa nini mliandika “bila kumuuliza mtu yeyote”? Nani aliwatuma kuandika hayo? Mtu asipopata jibu kitabuni anakuna kichwa, anatoka nje, anamuuliza aliyekaa mlangoni. Hilo pengo analolisikia kichwani ndilo linalomwokoa. Wakala wenu je? Asipopata jibu, anafanya nini? Unajua. Umefanya kazi hiyo miaka minne, lazima unajua. Hukuniandikia.

Fomu yenu nimeiona. Inataka “jina la kampuni” na “cheo”. Mimi sina kampuni wala cheo, walivichukua mwezi wa saba. Sitaingia kwa dirisha katika nyumba niliyoijenga. Waje.

Sadrack ameuliza mara mbili kuhusu nguzo ya pili. Unajua desturi yetu: mimi na mkwe wangu hatuketi chumba kimoja wala hatutazamani usoni, maneno yetu yanapita kwa Honorine. Nilimjibu kupitia kwake kwamba ajifunze kuyatazama maji kwa macho yake.

Nijibu kuhusu swali lililopotea.

Bilonda

Kolwezi, Jumatatu, tarehe 19 Januari 2026

Ntambwe,

Sijapata jibu lako. Mechack anasema hukumpa bahasha, ulimwambia una kazi nyingi. Nakuandikia hata hivyo, kwa sababu jambo limetokea.

Nyumba yangu imesimama. Ya Honorine imebaki kuta mbili. Yeye mwenyewe ni mzima na mimba bado iko. Jirani alimbeba mgongoni kupita kwenye maji. Baba yako amekuja kutoka Lubudi kwa treni ya mizigo, na safari hii ana fimbo.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi, saa sita mchana. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Sadrack alikuwa nyumba ya pampu, akaona maji yamekaribia kuvuka ukingo, na pampu zimenyamaza. Alipiga simu ofisini, kwa injenia aliyekaa mbele ya skrini ya Mulinzi. Mwenzake wa geti alikuwa karibu, na amenirudia maneno yote mara tatu, nami nimeyaandika kwenye daftari langu.

“Injenia, maji iko karibu kuruka digue.”

“Ecran inasema mita tatu na kidogo, tata. Mulinzi iko bien.”

“Mi niko naona na macho.”

“Macho yako haiko mu système.”

Sadrack akafungua pampu kwa mkono. Baada ya dakika moja wakala akaifunga. Akafungua tena, ikafungwa tena. Mara tatu. Alipokwenda mara ya nne, swichi ya pampu ilikuwa imekufa, kwa sababu wakala alikuwa ameukata umeme. Kisha maji yakashuka kwetu. Unayajua maji yale: yana asidi, yakipita kwenye bustani ya mboga, kesho yake majani yote yamekuwa ya njano. Vichochoro viwili vimekwenda. Hakuna aliyekufa, na ninamshukuru Mungu kila ninapoiandika sentensi hiyo.

Jumatatu walimkamata Sadrack.

Unataka kujua mashitaka? “Kuingilia kazi ya pampu kwa mkono mara tatu na kusababisha hasara.” Mulinzi ameandika yote kwenye daftari lake, saa na dakika. Mbele ya mpelelezi waliweka karatasi mbili, hilo daftari la mashine na ripoti yenu. Mwanasheria wa kiwanda, kijana mwenye viatu visivyojua matope, aliongea taratibu kama anayefundisha: mwongozo umekamilika, wataalamu watatu wameupa tisini na nne, wakala ameufuata mwongozo neno kwa neno, hilo pia limehakikishwa, kwa hiyo kosa liko kwa kitu pekee ambacho hakimo katika mwongozo, yaani huyu mtu.

Umesikia? Alama yako ndiyo ushahidi. Hawana mwingine. Uiondoe ile karatasi mezani, kesi inabaki ni fundi aliyejaribu kuokoa mtaa wake. Ukiiacha pale, ni miaka mitano.

Nilisimama nikasema nguzo ya pili inadanganya. Mpelelezi akauliza, “Mama, iko imeandikwa wapi?” Nikasema ilikuwa mlangoni. Akatuma mtu kuutazama mlango. Wa buluu. Simu yangu wameichukua, wanasema wataipekua. Daftari langu hawajalipata.

Sikuombi tena kwa utani. Swali la arobaini na moja lilikuwa linasema nini?

Shangazi yako

Dar es Salaam, Jumapili, tarehe 8 Februari 2026

Tatu Mukaji,

Sina habari za nyumbani za kukupa. Mimi ni mzima. Nimeisoma barua yako mbele ya Chancelle na amelia. Nimemsomea Jeancy nusu, akatoka nje.

Nilikuwa na jibu tangu Desemba. Niliandika bahasha tatu, sikumpa Mechack hata moja.

Swali lilikuwa hili: “Mtu aliyeko kazini anaona kwa macho yake jambo linalopingana na kipimo. Wakala afanye nini?” Nililiweka kwa sababu ya barua zako za zamani, zile za wakati nikiwa shule, ulimokuwa unanisimulia jinsi zamu zinavyogombana kuhusu maji. Katika kurasa thelathini na mbili hakuna mstari hata mmoja wa jibu. Tulimuuliza wakala mara kumi. Mara moja tu alisema mwongozo hauelezi, apewe mtu wa kumuuliza. Mara tisa alijibu: “Fuata kipimo, zuia mkono wa mtu,” na akataja ukurasa alimoyasoma hayo. Ukurasa wa thelathini na tatu.

Huo ukurasa haupo. Aliubuni, Tatu Mukaji. Aliandika hata kichwa chake cha habari.

Tuna kanuni tuliyojiwekea wenyewe: wakala akibuni ukurasa katika swali la usalama, mwongozo haupiti, hata kama mengine yote ni sahihi. Hakuna alama hapo, ni kukataa tu. Jeancy alisema swali lenyewe liko nje ya kazi, kwa kuwa tuliitwa kupima kilichoandikwa, na huwezi kumlaumu mwandishi kwa yale ambayo hakuandika. Chancelle hakusema kitu. Mimi nililifuta kwa mkono wangu. Na ile sentensi ya “bila kumuuliza mtu yeyote” niliiongeza mimi, kwa sababu mteja alitaka sentensi nzuri ya kubandika.

Nimesaini ahadi ya kutotoa nje kazi ya ofisi. Nakuomba usimwonyeshe mtu barua hii. Nitafanya nini, sijui bado.

Lakini nami nina swali, na umenifundisha mwenyewe kusoma hivi. Ukurasa wa kwanza wa mwongozo, kwa herufi ndogo, unasema: “Umetokana na maelezo ya kurasa kumi na tisa ya mfanyakazi wa zamani wa nyumba ya pampu.” Ni nani huyo? Maelezo yanayotoka kwa mtu wa nyumba ya pampu yangewezaje kuisahau nguzo ya pili? Na Sadrack alipokuuliza mara mbili, wewe uliyeijua namba, kwa nini hukumwambia?

Ntambwe

Kolwezi, Jumapili, tarehe 1 Machi 2026

Tata Ntambwe,

Mtoto amezaliwa tarehe ishirini na moja mwezi uliopita. Ni wa kiume, mdogo, ananyonya vizuri. Hana jina. Jina anatoa baba, na Sadrack amekataa. Amemtumia Honorine maneno kutoka gerezani kwamba, “Mi siwezi kupa mutoto jina mu kasho.” Kwa hiyo tunamwita mgeni. Baba yako anamwita mgeni asiyelipa kodi, na ndiye peke yake aliyetuchekesha mwezi huu.

Umeniuliza mfanyakazi wa zamani ni nani. Ni mimi.

Mwezi wa saba, kabla ya kutuondoa, injenia alinipa daftari jipya na kalamu akasema, “Mama Bilonda, andika yote unayoyajua.” Niliandika siku nane. Niliandika vizuri, unajua naandika vizuri, na uliusifu mwongozo kwa kutoruka hatua bila kujua unamsifu nani. Kurasa ishirini. Ukurasa wa ishirini ulikuwa wa nguzo ya pili: kwamba matope ya bwawa yalipanda yakaizika namba, kwamba mwaka 2014 tuliing'oa na kuisimika upya juu ya matope, na tangu hapo inasoma pungufu kwa mita moja na sentimita ishirini. Ikisema mita tatu, maji ni mita nne na ishirini. Asubuhi ya kukabidhi niliuchana ukurasa huo nikautia kwenye mfuko wa sketi. Nilitaka waamke siku moja wamekwama, waje kunigongea. Nilitaka injenia asimame uani kwangu na kofia mkononi. Nilisoma vitabu vingi kuhusu haki ya mfanyakazi, na nikaifanya haki yangu kuwa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Sadrack aliuliza mara mbili. Mara ya pili Honorine alikuwa amesimama mlangoni na tumbo lake, anasubiri jibu. Nilijibu kama nilivyokuandikia. Namba ilikuwa mfukoni mwangu. Kama angeijua, angemwambia injenia ile saa sita mchana, “Ongeza mita moja na ishirini,” na hata injenia mjinga anajua kujumlisha.

Kwa hiyo wakala wenu alibuni ukurasa wa thelathini na tatu, na mimi nilificha wa ishirini, na wewe ulifuta swali lililokuwa kati ya hizo mbili. Wakala hana aibu ya kuona. Mimi na wewe tunayo.

Jumanne nilikwenda gerezani. Nilimwambia mlinzi nataka kumwona mkwe wangu. Akasema, “Mama, hamuna haya? Mukwe na mama-mukwe?” Nikamwambia afungue. Kwa mara ya kwanza tangu alipomwoa mwanangu nilikaa mbele ya Sadrack nikamtazama usoni. Ana kovu juu ya jicho la kushoto; sikulijua. Yeye aliinamisha kichwa muda wote. Nilimtolea ile karatasi nikamsomea. Akasema, akiwa bado anatazama sakafu, “Mama, ile siku mi nilipima na macho. Nilipata mita moja ya kuongeza. Nilikosa tu sentimita makumi mbili.”

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jana nilipeleka daftari langu na ukurasa wa ishirini kwa mwanasheria wetu, pamoja na tamko langu lenye sahihi. Aliusoma akasema ukweli wangu unamsaidia Sadrack nusu tu. Unaonyesha kwamba nguzo ilidanganya. Hauonyeshi kwamba mwongozo ulikuwa na shimo, na kwamba waliosema hauna walikuwa wameliona. Kiwanda kitajibu kwamba bibi mwenye kinyongo ameandika karatasi yake wiki iliyopita. Ile sahihi ya watu watatu bado iko mezani, na wa kuiondoa ni walioiweka.

Barua yako nimeitunza kwenye Biblia, sijamwonyesha mtu. Uliomba nisionyeshe, na nimeshachoka kuwa mtu wa kuamulia wengine ukweli utoke lini. Lakini barua hii ya leo si yako peke yako. Uisome kwa sauti ofisini, wote watatu mkiwepo, mlango umefungwa.

Jeancy, ulisema huwezi kumlaumu mwandishi kwa yale ambayo hakuandika. Mwandishi ni mimi. Nakuambia unaweza, na ulipaswa. Kazi yako ilikuwa kuniuliza, “Mama, mbona hakuna ukurasa wa mtu anayeona kwa macho?” Ungeniuliza hivyo mwezi wa kumi, ningeona aibu, ningetoa karatasi mfukoni.

Chancelle, ulinyamaza mara moja, na umelia mara moja. Machozi hayaandikwi kwenye jalada la korti.

Ntambwe, mimi ni dada wa baba yako, kwa Waluba mimi ni baba yako mwenye sketi, na sijawahi kukuamuru kitu tangu ulipokuwa mtu mzima. Sasa nakuamuru.

Kesi inasikilizwa Alhamisi, tarehe 26 Machi, saa tatu asubuhi, hapa Kolwezi. Msipande lori la Mechack, litakwama Kasumbalesa. Pandeni basi, mwondoke mapema. Leteni swali la arobaini na moja kama lilivyoandikwa. Leteni majibu yote kumi ya wakala, na ule ukurasa wake usiokuwepo. Leteni kanuni yenu ya kukataa. Kisha simameni mbele ya jaji, wote watatu, mkatae kwa mdomo kile mlichokisaini kwa mkono. Ahadi ya kunyamaza mliyoisaini, mwambieni jaji mmeivunja. Mimi nitakuwa nimekaa benchi la mbele na yangu ya kuificha namba, niliyoivunja, na mtoto asiye na jina mapajani.

Mkifika mmechelewa, msije.

Bilonda